Daftari la kukurupuka: shajara ya mradi

Maandalizi

Mradi huu ni wa watu wazima wanaojua tayari kwamba wanakurupuka. Tangu utotoni wameambiwa haraka haraka haina baraka, wanakubali, na bado mkopo wa simu unachukuliwa kabla hawajakaa vizuri. Mawaidha wanayo ya kutosha. Daftari lina kazi moja: kumwonyesha mtu, kwa mwandiko wake mwenyewe, dakika ambayo bado alikuwa na nafasi ya kugeuka. Karibu kila mara dakika hiyo iko mapema kuliko anavyodhani.

Vifaa vya kila mshiriki: daftari la kurasa 96 linaloingia kwenye mkoba, kadi ngumu zilizokatwa ukubwa wa kitambulisho, na kalamu ya wino. Penseli haitakiwi, kwa sababu sentensi ambayo mtu angependa kuifuta ndiyo mara nyingi yenye habari. Simu haitumiki kuandikia. Katika mambo matatu yaliyochaguliwa, yaani fedha, maneno ya hasira na kuacha shughuli katikati, tendo lenyewe hutokea kwenye simu au huanzia humo. Anayeifungua ili aandike tafakuri hujikuta kwenye grupu au kwenye ukurasa wa kubeti kabla hajaandika neno. Simu imebakiziwa kazi ya kupima dakika tu.

Kabla ya kugawa madaftari kulikuwa na swali la aina. Mwaka 2001 watafiti Whiteside na Lynam wa Marekani walionyesha kwamba kinachoitwa kukurupuka ni mambo kadhaa yaliyofungwa furushi moja. Kuna kutenda ukiwa umesongwa na hisia mbaya, kutenda bila kupima kwanza, kushindwa kudumu kwenye kazi inayochosha, na kutafuta msisimko. Baadaye likaongezwa la tano: kutenda ukiwa na furaha iliyopanda. Hili la mwisho wawezeshaji hulisahau, ilhali siku ya mshahara na siku timu inaposhinda zinaweza kutafuna fedha kuliko siku ya huzuni. Mgawanyo huu umewekwa kwenye jalada la ndani kama mistari mitano, na mshiriki anatia alama ule unaomgusa zaidi. Unasaidia kujua pa kutafuta. Anayekurupuka kwa hasira atazamwe mwili wake kabla ya tendo. Anayekurupuka kwa kutopima atazamwe jinsi fedha au nafasi ilivyokuwa wazi mbele yake.

Wiki ya 1: kuhesabu, basi

Wiki hii hakuna tafakuri. Kila mtu anachagua tendo moja na kulieleza kiasi kwamba watu wawili wakimtazama watahesabu sawa. "Kutumia hela ovyo" hakuhesabiki. "Kulipia kitu cha zaidi ya shilingi 5,000 ambacho hakikuwa kwenye orodha ya asubuhi" kunahesabika. "Kuwa na hasira" hakuhesabiki. "Kutuma ujumbe wa sauti ndani ya dakika tano baada ya kuudhiwa" kunahesabika. Zoezi la kueleza tendo huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyotegemea, na lisiharakishwe. Maelezo yakiwa legelege, hesabu ya wiki zote zinazofuata inakuwa ya kubahatisha.

Kadi inakaa mfukoni. Msukumo ukija, piga mstari. Ukitenda, zungushia mstari huo duara. Usiku hamisha jumla kwenye daftari: misukumo mingapi, maduara mangapi.

Mistari isiyo na duara ndiyo sehemu ya thamani ya kadi. Mtu anayeandika maanguko peke yake huishia na daftari la mashtaka, halafu analiacha. Pia hana cha kulinganisha: hajui siku msukumo ulipokuja ukapita, nini kilikuwa tofauti. Mara nyingi jibu ni dogo. Alikuwa ameshakula, au kuna mtu alimwita.

Kasoro zilizoonekana kwenye kadi. Ya kwanza ni kadi inayojazwa usiku kwa kumbukumbu: mistari yote imenyooka, wino mmoja, imepangana vizuri mno. Mtu wa hivyo huhesabu maduara kwa usahihi lakini husahau misukumo iliyopita, maana haikuacha alama. Dawa ni kuifunga kadi na kalamu pamoja kwa raba na kuziweka mfuko uleule kila siku. Ya pili ni kuhesabu mambo mawili au matatu kwa mpigo. Kadi inachanganyika, na siku ya nne inabaki nyumbani.

Tahadhari kwa wawezeshaji: maduara yakipungua wiki hii, msishangilie. Kujihesabu kwenyewe hubadili tabia kwa muda, halafu athari hiyo hufifia. Hesabu ya kulinganishia itachukuliwa kuanzia wiki ya tatu.

Wiki ya 2: mnyororo

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Njia imetokana na uchambuzi wa mnyororo, ambao mwanasaikolojia Marsha Linehan aliuweka katika tiba yake kwa watu wenye hisia kali. Sisi si waganga na hatuiiti tiba. Tumechukua mpangilio wake: tendo haliangaliwi peke yake, linafuatwa nyuma hatua kwa hatua hadi mahali pakavu.

Ukurasa wa kushoto una safu tano: saa, kilichotokea nje, mwilini, wazo lililopita (kwa maneno yake halisi), na nguvu ya msukumo kuanzia 0 hadi 10. Uandishi unaanzia kwenye tendo na kurudi nyuma. Usiache mpaka ufike hatua ambayo msukumo ulikuwa 2 au chini yake. Juu kabisa ya ukurasa kuna mstari wa hali ya siku: usingizi, chakula, pombe, maumivu, deni linalodaiwa leo.

Muda ni dakika 12. Saba ni za mnyororo, mbili za kuweka namba, tatu za ukurasa wa kulia. Andika baada ya nusu saa kupita tangu tendo na kabla ya kulala siku hiyohiyo. Ukiandika ungali unatetemeka utaandika hukumu. Ukingoja hadi kesho utaandika sababu, kwa kuwa akili huwa imeshaitengeneza hadithi ikae sawa.

Mfano ufuatao umetungwa kwa mafunzo, umepangwa kutoka mwanzo hadi mwisho ili usomeke kwa urahisi, na unasomwa kwa sauti kabla watu hawajaanza:

Hali ya siku: alilala kwa muda wa saa tano tu, hajala tangu chai ya asubuhi.
Saa 10:30 jioni. Anatoka kazini. Kichwa kizito. "Leo nimechoka." Msukumo 1.
Saa 11:15. Yuko kwenye daladala, foleni haisogei. Anafungua simu, kwenye grupu mtu ameonyesha mkeka wa kubeti uliotiki. Kifua kina joto. "Timu hizo hizo nilizitaka jana." Msukumo 4.
Saa 11:20. Anaangalia salio. Vidole vina haraka. "Ipo ya kutosha." Msukumo 6.
Saa 11:22. Anafungua ukurasa, anachagua mechi tatu. Moyo unaenda mbio. Msukumo 8.
Saa 11:31. Anapandisha dau kutoka 1,000 hadi 10,000. "Nikirudisha ya jana naacha kabisa." Msukumo 9.
Saa 11:32. Amelipa. Mabega yanashuka, anapumua. Msukumo 3.

Mwulize msomaji wapi angekata mnyororo, na wengi wataonyesha saa 11:31, kwa kuwa ndipo fedha ilipoongezeka. Lakini pale msukumo ni 9. Mpango wowote unaotegemea mtu ajikaze akiwa kwenye 9 hautashika. Mahali pa kukata ni 11:15, msukumo ukiwa 4. Panapofaa zaidi ni kabla ya kupanda daladala, kwa sahani ya chakula.

Mstari wa mwisho nao usirukwe. Msukumo umeshuka kutoka 9 hadi 3 ndani ya dakika moja. Nafuu hiyo ndiyo inayofundisha mwili kurudia, hata mkeka ukichanika usiku. Hasara huja saa nyingi baadaye. Nafuu huja papo hapo, na mwili hujifunza kutokana na kilicho karibu. Watu wengi wanapouona mstari huo kwa mara ya kwanza huacha kujiita wajinga, na hapo maandishi yao huanza kuwa ya kweli.

Yanayoharibika kwenye mnyororo:

Unaanza ukiwa umechelewa. "Nilikasirika nikajibu." Kati ya kukasirika na kujibu kuna hatua nne au tano zilizorukwa. Maswali ya kufungua: dakika kumi kabla ulikuwa wapi? Mkononi ulikuwa na nini? Nani alikuwa karibu? Mara ya mwisho kula ni saa ngapi?

Umejaa hukumu. "Sina akili", "nimerudia upumbavu wangu." Kanuni ya safu ya pili: andika ambacho kamera ingekinasa. Hukumu ikilazimisha kutoka, iende kwenye safu ya wazo, ndani ya alama za kunukuu, kama wazo lililopita saa fulani. Hapo inageuka kuwa taarifa.

Safu ya mwili iko tupu. Hii si uvivu. Wapo ambao hawajawahi kuulizwa mwili wao unafanya nini wakati wa hasira. Wapewe orodha ya kuchagua: taya, koo, kifua, tumbo, viganja, pumzi, joto la uso. Baada ya kurasa chache huandika wenyewe. Ishara ya mwili ni muhimu kwa sababu mara nyingi huweza kuonekana muda mfupi kabla ya tendo, na muda huo mfupi ndio tunaoutafuta.

Wiki ya 3: kadi ya ikiwa–basi

Ukurasa wa kulia una sentensi moja tu: ikiwa litatokea jambo hili, basi nitafanya hili. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika kuhusu mipango ya namna hii mwaka 1999. Mwaka 2006 yeye na mwenzake Sheeran walikusanya majaribio 94 na kukuta kwamba mpango wenye ishara na tendo mahususi husaidia watu kutimiza walichokusudia kwa kiwango cha kati hadi kikubwa. Nia peke yake haifiki huko.

Sentensi inapimwa kwa vigezo vitatu kabla ya kunakiliwa kwenye kadi. Ishara ionekane au isikike: "nikiona mkeka wa mtu kwenye grupu" inafaa, "nikihisi vibaya" haifai. Tendo liweze kukamilika chini ya dakika moja. Na liwe tendo la kufanya, kwa sababu "sitabeti" humwacha mtu na neno kubeti kichwani na mikono mitupu.

Kutoka kwenye mfano wa juu: "Ikiwa nimekaa kwenye daladala, basi simu inaingia kwenye mkoba na zipu inafungwa." Kwa mtu wa manunuzi: "Ikiwa mkono umeshika kitu kisicho kwenye orodha, basi nitaandika jina na bei kwenye kadi na kukirudisha hadi Jumamosi." Kwa anayeacha kazi katikati: "Ikiwa nimesimama kabla ya kengele ya simu, basi nitaandika mstari mmoja wa hatua inayofuata kabla sijaondoka mezani." Huyu wa tatu anahitaji kidogo kuliko wengine. Mstari mmoja unatosha kumrudisha, maana kinachomzuia kurudi ni kutokujua pa kuanzia.

Kadi moja kwa wiki. Wenye ari huandika sita siku ya kwanza, na hakuna hata moja inayokumbukwa. Sentensi isomwe kwa sauti mara tatu asubuhi huku mtu akijionea mahali penyewe: kiti cha daladala, kioo cha simu, zipu. Bila picha hiyo kadi huwa karatasi tu.

Mpango ukishindwa mara mbili, ishara isogezwe nyuma kwa hatua moja kwenye mnyororo. Usiongeze ukali wa tendo. Hili ndilo rekebisho linalofanya kazi mara nyingi kuliko mengine yote kwenye daftari, na linapaswa kujaribiwa kwanza.

Wiki ya 4: maneno ya hasira

Karatasi ya wiki hii ni tofauti, kwa sababu neno lililotumwa kwenye grupu la ukoo halirudi. Ujumbe unaweza kufutwa, lakini shangazi ameshausikiliza na mjomba ameshaupeleka kwingine.

Jibu linaandikwa kwenye karatasi, kamwe si kwenye kisanduku cha ujumbe, ambako kidole kiko jirani na alama ya kutuma. Rasimu ya kwanza iwe na kila kitu, hata matusi. Kisha weka saa ya simu dakika 30. Mwanasaikolojia Alan Marlatt alifundisha kuutazama msukumo kama wimbi linalopanda, linafika kileleni na kushuka bila kutiiwa. Katika dakika hizo andika namba ya msukumo kila baada ya dakika tano, ili mtu aone kushuka huko kwa macho yake badala ya kuambiwa.

Saa ikilia, chukua kalamu ya rangi nyingine. Kata kila sentensi yenye "siku zote", "kila mara", "hujawahi" au "watu kama ninyi". Kata kila sentensi inayoeleza moyo wa mwingine una nini. Kinachobaki kigawe sehemu mbili: jambo lililotokea, na ombi. Ikiwa hakuna ombi, jibu pengine halihitajiki leo. Kwa mkubwa, ombi litanguliwe na salamu kamili. Shikamoo iliyoandikwa kwa utulivu hupunguza mwendo wa anayeandika pia.

Kwa tukio lililochimba sana, mnyororo uandikwe kwa nafsi ya tatu, kwa jina la mwandishi: "Asha aliusoma ujumbe, akahisi koo linakaza, akafikiri ametukanwa." Kazi za wanasaikolojia Ethan Kross na Özlem Ayduk zimeonyesha kwamba kulitazama jambo kwa umbali hivyo kunapunguza moto wa hisia na kusaidia kulielewa. Kwenye ukurasa kinachobadilika ni kiambishi tu, ni- kuwa a-, na bado mkono huandika taratibu zaidi.

Hatari ya wiki hii ni kucheua. Mtu anaandika tukio lilelile jioni tatu mfululizo, kurasa zinaongezeka, hakuna hatua mpya kwenye mnyororo. Huko ni kuichochea hasira. Kanuni: tukio moja, kurasa mbili, jumla isizidi dakika 20. Ukurasa wa tatu ukianza, fungua kadi ya ikiwa–basi, la sivyo funga daftari ukatembee. Baadhi ya wawezeshaji huchanganya kazi hii na uandishi wa kutoa yaliyo moyoni ambao watafiti Pennebaker na Beall waliujaribu mwaka 1986, dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Ule ulikusudiwa kwa machungu mazito ya zamani. Huu wetu ni wa kutafuta dakika ya kugeuka, na unapaswa kubaki mfupi.

Wiki ya 5: usiri na mipaka

Daftari linaloweza kusomwa na mwenza au bosi huandikwa kwa uongo. Majina yawe herufi moja. Kiasi cha fedha kiandikwe kwa alama anayoijua mwenyewe. Baada ya funzo kuhamia kwenye kadi, ukurasa wa kushoto unaweza kuchanwa, na hakuna mwezeshaji anayeomba kuusoma. Pale ambapo daftari likionekana mtu anaweza kupigwa, asipewe daftari. Apewe kadi ya mistari na maduara peke yake, ambayo haisomeki kwa mwingine.

Kuna mambo ambayo daftari halipaswi kuyabeba. Mtu ambaye kwa siku kadhaa halali na bado ana nguvu nyingi, anatumia fedha kubwa na kuongea bila kupumzika, anahitaji daktari. Vivyo hivyo mwenye msukumo wa kujidhuru: aende hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake akiandika. Anayehangaika tangu utotoni na umakini na kutotulia huenda ana hali inayotibika, na kumwambia aandike zaidi ni kumchelewesha. Waliotegemea pombe au dawa za kulevya nao wanahitaji huduma kwanza, daftari baadaye. Wawezeshaji wanatakiwa kuwa na anwani tayari: kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa iliyo karibu. Kwa Tanzania, Mirembe ya Dodoma na Muhimbili ya Dar es Salaam zinajulikana. Kwa Kenya, Mathari ya Nairobi.

Wiki ya 6: kusoma nyuma

Dakika 30, kalamu tatu za rangi. Nyekundu inapigia mstari saa zinazojirudia, bluu mahali na watu, kijani hali ya mwili. Hakuna kuandika chochote kipya mpaka rangi zote zimemaliza kurasa. Kisha mshiriki anajibu swali moja: hatua gani imetokea kwenye minyororo mingi zaidi?

Kijani huwa nyingi. Njaa, usingizi mfupi na saa ya kurudi nyumbani huonekana kwenye kurasa za watu ambao matendo yao hayafanani kabisa. Huyu anakopa, yule anatukana, lakini hali ya saa kumi na moja jioni ni ileile.

Hatua inayojirudia ikipatikana, ibadilishwe mazingira kabla ya kumtaka mtu abadilike. Programu ya kubeti itolewe kwenye simu. Sehemu ya mshahara iingie kwenye kikoba siku hiyohiyo. Grupu linalochochea linyamazishwe jioni. Namba ya siri ya fedha asipewe mtu mwingine hata kwa nia njema. Matatizo ya kuitoa ni makubwa kuliko yale yanayozuiwa. Wapo wanaopinga kwamba hii ni kukwepa, kwamba nia ikifanyishwa mazoezi itakomaa. Nadharia maarufu kwamba nia ni nguvu inayoisha kwa kutumika ilijaribiwa upya na maabara 23 mwaka 2016, na athari iliyotegemewa haikuonekana. Hatuna sababu ya kujenga mradi juu ya nia iliyokazwa wakati zipu ya mkoba inafanya kazi vizuri zaidi.

Hesabu ya kadi ya wiki hii inalinganishwa na ya wiki ya tatu kwa uwiano wa maduara kwa mistari, si kwa idadi ya maduara. Mtu aliyekuwa na maduara matatu kati ya misukumo minne, na sasa ana matatu kati ya tisa, amesonga mbele, ingawa yeye mwenyewe atasema hakuna kilichobadilika. Mwezeshaji amwonyeshe namba zote mbili kwenye kadi zake mwenyewe.

Kazi inayofuata

Toleo la alama linatengenezwa kwa wasiopenda au wasioweza kuandika sana: safu zilezile tano, lakini mwili umechorwa ili mtu atie nukta, na saa zimechorwa ili atie mshale. Safu ya wazo ndiyo ngumu; kwa sasa mshiriki anamwambia mwenzake mmoja aliyemchagua, na mwenzake anaandika maneno yaleyale bila kuyarekebisha. Ukurasa wa kushoto pia utaongezewa nafasi ya misukumo iliyopita bila tendo, mnyororo mmoja kwa wiki, uandikwe kwa ukamilifu uleule wa mnyororo wa anguko.